Mshumaa Mmoja, Makanisa Saba

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali sana, maana kengele nitakazozitaja bado zinalia, palikuwa na mwanamke aitwaye Otilia. Alikaa katika milima ya kusini, kule ambako watu hulima kahawa kwenye miteremko na ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Mumewe alikuwa Landelini Ndunguru, seremala, mtu wa maneno machache. Otilia naye alikuwa na penzi moja ambalo wenzake hawakulielewa: alipenda kwenda kusali katika makanisa ya mbali. Akisikia pana kanisa ambalo hajawahi kupiga goti ndani yake, hatulii. Atajifunga kanga, atatia viazi vya kuchoma kikapuni, huyo ameondoka.

Mama mkwe wake, Gaudensia, hakulipenda jambo hilo, na hakuwa mtu wa kuficha. Makanisa yote yana Mungu mmoja, alisema. Sasa huyu anamtafuta yupi?

Otilia alikuwa akitafuta mtoto. Kila mtoto aliyemzaa alikuja kimya, na kimya kimya akazikwa. Wanawake wa huko walikuwa na desturi: ukiingia kanisa kwa mara ya kwanza, unasali Salamu Maria tatu, kisha unaomba neno moja, moja tu, usiongeze. Wengine waliomba mvua, wengine ng'ombe. Neno la Otilia lilikuwa lile lile popote alipokwenda: "Mama, nipe mtoto atakayelia."

Mwaka mmoja, siku ya kubariki mishumaa, akaweka nadhiri kubwa. Alibarikiwa mshumaa mnene wa nta, akaahidi kuupeleka katika makanisa saba asiyowahi kuyaingia. Atauwasha kidogo katika kila kanisa, na kipande cha mwisho kitateketea katika kanisa kuu la jimbo, siku ya sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, siku ambayo Maria naye aliambiwa atapata mtoto. Sikukuu hiyo, mnajua, huangukia katikati ya masika. Na wakati huo kwenye milima ile gari lilikuwa la padre tu.

Landelini hakumkataza. Alichonga kisanduku cha mbao cha kuutia huo mshumaa, akampa mkewe, akarudi kwenye randa yake. Wifi yake, Hyasinta, dada wa Landelini, akasema atamsindikiza, maana naye alikuwa na mshumaa wake. Mume wa Hyasinta alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge pwani na hakuleta neno tena, naye alitaka kumwombea arudi. Gaudensia akasikia, akachukua fimbo. Alisema anakwenda kuuona mwisho wa upuuzi huo.

Wakatoka.

Kanisa la kwanza lilikuwa na sakafu ya matofali ya kuchoma, na kwenye matofali mengine zilikuwa zimebaki alama za vidole vya wanawake walioyafinyanga wakati babu zao wakijenga. Otilia aliweka vidole vyake juu ya vile, vikaenea. Akachovya maji ya baraka, akapiga goti, akasali Salamu Maria tatu, akawasha, akaomba neno lake, akazima.

Wakaenda la pili. Akachovya, akapiga goti, akasali, akawasha, akaomba, akazima. Wakaenda la tatu. Hilo halikuwa na mnara, fedha iliisha kabla mnara haujaanza, na kengele ilining'inia nje kwenye nguzo mbili za miti. Lakini ilipolia, sauti yake ilivuka mabonde. Hata Gaudensia alisimama. La nne likapita. La tano lilikuwa na vioo vya rangi, na jua la asubuhi lilipopenya lilimwaga nyekundu na buluu juu ya kilemba cheupe cha Gaudensia. Bikizee yule alikaa bila kutikisika, asije akazifukuza rangi. Tangu siku hiyo hakusema tena neno upuuzi.

La sita lilikuwa kanisa dogo la nyasi juu ya kilima, na miguu ya Otilia ilikuwa imevimba. Mbele yake palikuwa na mlima, mto, na bonde lenye homa. Aliona wazi kwamba kwa nguvu zake peke yake hafiki. Huko kwao nadhiri isiyosikiwa na mtu si nadhiri, basi akasema kwa sauti, mama mkwe na wifi wakisikia:

"Mtoto nikimpata hai, mtu atakayenifikisha kanisa la saba ndiye atakayekuwa somo wake. Mtoto ataitwa jina lake."

Alisema mtu, hakusema watu. Ulimi hauna mfupa.

Wakaanza kuupanda mlima. Njia ilikuwa tope tupu, Otilia akateleza, mguu ukateguka, akakaa chini. Hakuweza hata kuukanyagia. Gaudensia alimtazama, akavua kanga yake, akainama.

"Panda," akasema.

"Mama, nitakuumiza."

"Nimekusema miaka yote kwamba mgongo wako hauna kitu. Leo wangu na uwe na kitu."

Akamfunga kwa kanga kama mtoto mchanga, akampandisha mlima ule, bikizee yule mwenye magoti mabovu, akihema na kupumzika, akihema na kupumzika, mpaka juu. Otilia alilia mgongoni kwake, na hakulia kwa maumivu ya mguu.

Kushuka, Otilia alijikongoja kwa fimbo ya mama mkwe, mpaka wakaufikia mto. Daraja lilikuwa magogo mawili, na maji yalikuwa yakiyaramba. Otilia alivuka akitambaa, Gaudensia akimshika. Hyasinta alikuja nyuma na mizigo yote: kisanduku mkono mmoja, furushi lake lenye mshumaa wake mkono wa pili. Katikati gogo likazunguka, akatumbukia. Mizigo ikamtoka. Kisanduku kikaenda upande huu, furushi upande ule, naye angeweza kufikia kimoja tu. Otilia aliyaona macho ya wifi yake yakienda huku na kule. Kisha Hyasinta akajitupa kwenye kisanduku.

Alitoka majini nacho kifuani. Furushi lake lilielea mpaka mafunjo yakalificha. Alikamua kanga yake, akasema twendeni.

Wakalipita bonde, wakaingia mjini usiku wa kuamkia sikukuu, na asubuhi Otilia hakuweza kuinuka. Homa ya bonde ilikuwa imemkamata vibaya. Walikuwa wamepata hifadhi barazani kwa mjane mmoja Mwislamu, Mwanaidi, muuza mkaa. Gaudensia na Hyasinta wakashauriana. Wakasema Otilia akifa, nadhiri itamfaa nani? Wakaenda kutafuta dawa na lori la kumrudisha nyumbani, wakamwacha na Mwanaidi.

Otilia akamshika mwenyeji wake mkono. Akamsimulia yote, mshumaa, makanisa sita, watoto waliokuja kimya, na ahadi ya somo. Akamwomba ampeleke, maana sikukuu ni leo na kesho si sikukuu.

Mwanaidi alifikiri. "Mgonjwa akiomba maji hupewa maji," akasema. "Wewe umeomba kanisa. Ningefanyaje?"

Mkokoteni wake ulikuwa umejaa mkaa wa mteja wake mkubwa, aliyekuwa akiungoja. Akaumwaga wote barazani. Akatandika mkeka wake, akamlaza Otilia, akausukuma mkokoteni barabarani mbele ya macho ya mtaa mzima. Mteja yule alikwenda kwa mwingine na hakurudi tena, na majirani walimsema Mwanaidi kwa muda mrefu.

Otilia aliliona kanisa kuu akiwa amelala chali, na wanaoingia kwa miguu hawalioni hivyo. Minara miwili ilipanda na kupanda, na juu kabisa msalaba, na mbayuwayu wakiuzunguka. Alisahau kwamba anaumwa. Mlangoni Mwanaidi alivua ndala kwa mazoea, akamwingiza akiwa amemkumbatia kwapani, akamfikisha mbele ya sanamu ya Maria. Kiberiti kikakataa mkononi mwa Otilia, na Mwanaidi akaushika mkono ule mpaka utambi ukakubali. Salamu Maria tatu. Neno moja. Mshumaa ukateketea wote, wala hapakuwa na haja ya kuzima.

Homa ikaisha. Karibu na Noeli Otilia akajifungua mtoto wa kike, na mtoto huyo alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Otilia akawaambia mwacheni, mwacheni alie.

Siku ya ubatizo Mwanaidi naye akaja, amealikwa, amechukua kitenge. Na nje ya kanisa, kabla kengele haijagongwa, mambo yakaanza.

Gaudensia akasema, "Mimi nilikubeba mlimani. Ningekuacha pale, huo mto ungeuona wapi? Na huyu mtoto ni damu yangu."

Hyasinta akasema, "Mama, ni kweli ulimbeba. Lakini bila mshumaa angefika kufanya nini, kutazama minara? Mimi niliuacha wangu ukaenda na maji. Mume wangu hajarudi mpaka leo. Sijui kama angerudi, na sitajua."

Wakamgeukia Mwanaidi. Akasema, "Jina langu si la kanisani, msinihesabu. Lakini mkiniuliza ni nani aliyemtia mlangoni, siwezi kusema uongo."

Gaudensia akamjibu kwamba kwa kumtoa nje na homa ile nusura amuue Otilia. Mwanaidi akasema ndiyo, nusura. Na nyie, akasema, nusura mmrudishe.

Katekista akajaribu kusuluhisha: mtoto apewe majina yote matatu. Gaudensia mwenyewe akakataa. Nadhiri ilisema mtu mmoja, na mtoto wa masomo watatu akiugua, kila mmoja humngoja mwenzake aende. Padre alikwisha kusema kwamba hata jina la Mwanaidi halina shida, litaongezewa la mtakatifu. Otilia akamtazama mumewe. Landelini akasema nadhiri si yake, yeye alichonga kisanduku tu.

Kengele ikalia. Padre akatoka mpaka mlangoni, kama ilivyo desturi, maana mtoto huulizwa jina kabla hajavuka kizingiti. Otilia akasogea na mtoto wake. Kulia kwake bikizee mwenye magoti mabovu, kushoto kwake wifi asiye na mume, na nyuma yao mjane, ndala mkononi. Wote watatu aliwapenda, na aliogopa kuivunja ahadi iliyompa mtoto.

"Mtoto huyu mmempa jina gani?" padre akauliza.

Otilia akafumbua kinywa, na mtoto akaanza kulia kwa nguvu zake zote, hata padre akangoja.

Nami nangoja. Semeni ninyi, kabla mtoto hajanyamaza: aitwe Gaudensia, aitwe Hyasinta, au aitwe Mwanaidi? Je, ni nani aliyemfikisha Otilia kanisa la saba?