Meza Hupigwa na Aliyekaa

"Meza hupigwa na aliyekaa." Mmeisikia jana kwenye mkutano wenu wa wafanyakazi, kutoka kwa yule mama wa zahanati, nanyi mkarudi mmenuna mkidhani amewatukana. Hakuwatukana. Ukumbi mzima ulikuwa unawashangilia mlipotoa madai yenu, naye aliwahurumia. Methali hiyo naijua tangu kuzaliwa kwake, maana nilikuwapo, na aliyeizaa ni dada yangu Tuponile. Nipisheni nisimame, wajukuu zangu. Habari hii siiwezi nikiwa nimekaa, hunichoma hata leo.

Ilianza hivi. Tuponile alikuwa mkunga katika hospitali ya misheni kule kwetu Lusimbi. Hospitali ilikuwa ya kanisa, lakini mishahara ya wauguzi ilitoka Hazina. Mpango huo ulikuwa wa zamani na haukumsumbua mtu, mpaka dada yangu alipopata mchumba. Shemeji yetu Idrisa, fundi wa pampu za maji, alikuwa Mwislamu. Hakuna aliyetaka kumbadilisha mwenzake dini, basi wakafunga ndoa ya bomani mbele ya mkuu wa wilaya, cheti kikagongwa muhuri wa serikali. Wiki haikuisha, kanisa likamtenga na hospitali ikamwachisha kazi. Kanuni za misheni zilisema hivyo.

Hapo ndipo mambo yalipochafuka. Serikali imemwozesha, serikali inamlipa, halafu anafukuzwa kwa kosa la kuolewa serikalini! Alipokwenda wilayani aliambiwa, "Mwajiri wako ni kanisa." Alipokwenda kwa mchungaji aliambiwa, "Mshahara wako hautoki kwetu, kalalamike huko unakotoka." Akawa mtu wa njiani, asubuhi huku, jioni kule. Nyumba ya hospitali akatolewa, na mimba ilikuwa imeanza kuonekana.

Sitaki kuwasema wachungaji tu. Nao walikuwa na lao: hospitali waliijenga kwa matofali waliyoyachoma wenyewe, wakati serikali haikuwa hata na zahanati upande ule, wakaona ni haki yao kuchagua watu wanaoishi kwa kanuni zao. Lakini dada yangu hakuwa anazalisha kanuni. Alikuwa anazalisha wanawake, na wengi wao walikuwa Waislamu.

Mwaka ule Bunge lilikuwa linajadili muswada wa ajira. Mbunge wetu, Mzee Ambakisye, alikubali kupeleka hoja ya kuongeza kifungu kimoja: anayelipwa na Hazina asifukuzwe ila kwa sheria ya utumishi wa umma. Na huyo alikuwa mzee wa kanisa! Mkewe aliacha kumsemesha. Mimi na Tuponile tukasafiri hadi Bungeni, tukakaa jukwaa la wageni, juu ya ukumbi. Safu ya mbele walikaa wakuu wa makanisa, kola nyeupe, wakiwatazama wabunge kule chini.

Asubuhi Mzee Ambakisye alisimama. "Mheshimiwa Spika," alisema, "mkunga huyu ameolewa kwa sheria tuliyoitunga humu ndani. Kama ndoa ya bomani ni dhambi, basi mwenye dhambi ni Bunge hili."

Jamani, meza zilipigwa! Walipiga wa chama tawala, walipiga wa upinzani. Mbunge mmoja mnene, Mheshimiwa Kasyupa, alipiga kwa viganja vyote viwili mpaka glasi yake ya maji ikaanguka. Tuponile alinishika goti akalia. Nami nikalia, mjinga mie.

Bunge liliposimama kwa chakula, Mzee Ambakisye alitufuata kantini. Hakuvuta kiti.

"Waziri ameniita," alisema. "Anasema nikiiondoa hoja, atakuhamishia hospitali ya serikali ya mkoa. Mshahara ule ule, na nyumba."

"Na wenzangu?" Tuponile aliuliza, maana kulikuwa na wauguzi wengine waliofukuzwa kama yeye katika hospitali nyingine za misheni.

"Wenzako hawamo, binti yangu."

Nilimkanyaga Tuponile mguu chini ya meza, nikamnong'oneza kwa lugha ya kwetu kwamba achukue, achukue upesi kabla Waziri hajageuka. Akauvuta mguu wake.

"Mheshimiwa, hukuzisikia meza?"

"Nilizisikia. Lakini mimi si mgeni humu."

"Sasa unasemaje? Tutashinda au hatutashinda?"

Mzee alijikuna kidevu, akatazama mlangoni, akanitazama mimi, akatazama tena mlangoni. "Kwa kelele zile tungekuwa tumeshashinda," alisema. "Zaidi ya hapo sijui."

"Mwambie Waziri ahsante. Watu wote wale hawawezi kunidanganya kwa pamoja."

Alasiri tulirudi jukwaani. Nilikuwa nafunga na kufungua kishikizo kile kile cha blauzi. Kanuni za Bunge lile zilitaka kwamba hoja ya mbunge, kabla ya kupigiwa kura, iungwe mkono na wabunge kumi, tena wawe wamesimama, makatibu waandike majina yao. Mnaona? Meza ikilia haijulikani imelizwa na nani. Aliyesimama huonekana. Na kule juu walikuwapo wale wa kola nyeupe, na kila mbunge alijua jimboni kwake kuna mimbari ngapi, na uchaguzi ulikuwa mwaka unaofuata.

Spika akasema, "Waheshimiwa wanaounga mkono hoja, wasimame."

Hakusimama mtu. Mmoja aliinama kufunga kamba za viatu. Mwingine alikuwa anapekua makaratasi yake kana kwamba kapoteza hati ya shamba. Mheshimiwa Kasyupa alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta, akaifuta. Mzee Ambakisye alibaki amesimama peke yake, anageuza shingo huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Nikasikia benchi letu linatikisika. Tuponile alikuwa amesimama, mkono mmoja tumboni, macho yake kule chini. Sidhani hata alijua kama amesimama. Askari wa Bunge alikuja mbio.

"Kaa chini, mama. Wageni hawasimami."

"Si wameambiwa wanaounga mkono wasimame?"

"Wabunge, mama. Wewe huhesabiwi."

Nilimvuta gauni, akakaa. Hoja ikaanguka bila hata kupigiwa kura. Na ile ahadi ya Waziri ilikufa papo hapo, kwani nani humbembeleza aliyekwisha kushindwa? Niliona hasira, nikamwonea hasira hata yeye dada yangu, na leo bado sijui kama nilikuwa na haki. Hakuvaa tena sare ya ukunga mpaka Mungu alipomchukua.

Tulipotoka, koridoni kulikuwa kumejaa waandishi wa magazeti, ndiyo sababu jibu la dada yangu lilifika mbali kuliko hoja yenyewe. Mheshimiwa Kasyupa alitupita, akarudi, akamshika Tuponile mkono kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, tena ya kweli.

"Pole sana, mama," alisema. "Mungu ananiona, mimi nilikuwa upande wako. Nilipiga meza mpaka viganja vikawaka moto. Hukuniona?"

Tuponile aliutoa mkono wake polepole.

"Nilikuona, mheshimiwa," alisema. "Meza hupigwa na aliyekaa."