Jukwaa la Kona ya Solwet

Hadithi hii aliisimulia kwanza nyanya yetu, Tabitha Jerop, tarehe 26 Desemba 1988, nyumbani Njoro, mchana, tukiwa wajukuu saba na tumemaliza kula. Niliiandika siku ileile. Ninainakili sasa kwa sababu chama cha mbio za magari kimetuandikia barua, kikitaka maoni ya familia kuhusu kujenga jukwaa jipya.

Zamani za ujana wake, alisema, palikuwa na uwanja wa mbio za magari uitwao Solwet. Uwanja wenyewe ulikuwa umeshazeeka. Lami ilikuwa na nyufa, na watazamaji hawakuwa na kiti, wala paa, wala choo. Walikaa juu ya tuta la udongo penye kona kali. Mvua ikinyesha, inawanyeshea. Jua likiwaka, linawachoma. Mwanamke akibanwa na haja, anaingia shamba la mahindi na mwenzake anasimama kumlinda.

Kabla ya kona hiyo alisimama mshika bendera, Mzee Mutisya. Kazi yake ilikuwa moja: gari likipinduka konani, ainue bendera ya manjano ili wanaokuja nyuma wapunguze mwendo. Lakini Mzee Mutisya hakuwahi kuiona kona. Tuta liliifunika. Aliwaona watu tu, walioketi juu ya tuta. Gari likipinduka, watu wote huinuka. Watu wakiinuka, naye huinua bendera. Miaka kumi na tisa: watu wanainuka, bendera inainuka. Hakuna aliyewaagiza hivyo, na hakuna aliyeandika.

Basi akatokea Mama Wambere, aliyeuza chai uwanjani. Akamwendea mwenyekiti wa chama cha mbio mbele za watu.

"Mwenyekiti, haya magari yenu yana paa. Sisi hatuna. Mkeo akija hapa anakwenda wapi haja? Au hujawahi kumleta?"

Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, na chama kikakubali. Akaitwa fundi Wekhuyo, seremala. Akajenga jukwaa la mbao juu ya lile tuta, ngazi kwa ngazi, ili aliyeketi nyuma aone juu ya kichwa cha aliyeketi mbele. Akaezeka mabati. Akachimba vyoo viwili.

Mama Wambere akaja kukagua. "Fundi, mvua ya hapa inatoka upande wa Mzee Mutisya. Ziba upande huo."

"Nilitaka kuuacha wazi, mama, mzee apate kuona."

"Uache wazi tulowe tukiwa ndani ya nyumba?"

Fundi akaziba, akaacha mwanya mmoja tu, upana wa safu ya mbele. Kabla ya kupigilia bati la mwisho akapaza sauti:

"Mzee! Ukiwa hapo unaona kona?"

"Naona."

"Unaona vizuri?"

"Nimekwambia naona, fundi. Piga misumari yako."

Mzee Mutisya aliona haya kusema kwamba kona hajawahi kuiona.

Ikafika Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1973. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na kwa mara ya kwanza watu wa Solwet walikuwa wakavu. Gari jekundu likapinduka konani. Watu wakapiga mayowe, lakini waliketi. Wainuke kwa nini? Kila mmoja alikuwa akiona. Mzee mmoja tu wa safu ya mbele aliinuka kwa mazoea, kofia mkononi. Nyuma yake alikuwa msichana ambaye gari la kaka yake ndilo lililokuwa likifuata. Akamvuta yule mzee koti.

"Kaa chini, mzee! Na sisi tuna macho."

Mzee akakaa. Mzee Mutisya akatazama kwenye mwanya. Hakuna aliyesimama. Hakuinua bendera. Elkana Rotich akaingia konani kwa mwendo wake wote.

"Msichana huyo ni mimi," nyanya alisema. "Na Elkana ni kaka yangu."

Jumatano asubuhi alimkuta hospitalini akiwa amefungwa bandeji mpaka shingoni. Elkana akamwambia, "Tabi, bendera haikuinuka. Kuna mtu alikosea. Sitaki kujua kwa nini. Mwambie aje saa kumi nimwambie yameisha. Aje mmoja. Sina nguvu za kuongea na wengi."

"Nitamwambia," alijibu. Hakusema zaidi.

Ujumbe aliwapa Mzee Mutisya, fundi na Mama Wambere, na saa kumi walikuwa wanne kwenye benchi nje ya wodi.

Mzee Mutisya akaanza. "Mnatazamana nini? Bendera ilikuwa mkononi mwangu."

"Leo ndiyo unasema?" fundi akamjia juu. "Si nilikuuliza mara mbili?"

"Ningekujibu nini, fundi? Kwamba miaka kumi na tisa natazama kofia za watu?"

"Hayohayo ungesema," akadakia Mama Wambere.

"Wewe nyamaza, mama," akajibu Mzee Mutisya. "Tungebaki kwenye tuta, kijana angekuwa kwao sasa hivi."

"Wewe ulipewa koti la mvua na chama, mzee! Mama mkwe wangu alishikwa na homa ya mapafu palepale tutani. Siombi msamaha kwa kutaka choo, wala kwa kutaka paa." Kisha sauti yake ikashuka. "Ila upande ule ni mimi niliyesema uzibwe."

"Na ni mimi niliyeuziba," fundi akasema. "Ilikuwa hatua mia moja tu kufika pale anaposimama mzee nikatazame kwa macho yangu. Sikwenda. Niliuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu."

Ndipo Tabitha akasema, "Kuna mzee aliyekuwa ameinuka. Mimi nilimketisha."

Mzee Mutisya akamgeukia. "Aliinuka?"

"Aliinuka."

"Safu ya mbele?"

"Safu ya mbele."

"Basi ningemwona, binti. Mmoja angetosha."

Muuguzi akatoa kichwa mlangoni. "Nani anaingia? Zimebaki dakika kumi."

"Mimi," akasema Mzee Mutisya.

"Wewe utaanza habari za kofia, umchoshe," akasema Mama Wambere. "Niingie mimi."

"Aliyepigilia misumari ndiye aingie," akasema fundi.

"Aingie dada yake!" akasema Mama Wambere.

"Mimi nilikuwa naye asubuhi nikanyamaza," akasema Tabitha. "Nikiingia sasa, atajua pia kwamba nilinyamaza."

Wakavutana hivyo, huyu akimshika yule mkono, mpaka kengele ikalia. Muuguzi akafunga mlango. "Njooni kesho," akasema.

Kesho yake, walipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Wiki iliyofuata chama kiliweka mshika bendera wa pili, mahali panapoonekana kona. Jukwaa halikubomolewa. Lipo hadi leo, mbao zimelegea, na mvua hupita kwenye mabati. Nyanya alikwenda pale mara moja tu baada ya hapo, akaketi safu ya pili mpaka mbio zikaisha.

Mzee Mutisya alifariki mwaka 1981. Fundi Wekhuyo alifariki 1999, na nyanya 2011. Yule mzee wa kofia hatukupata kulijua jina lake. Mama Wambere yuko hai, Molo, ana miaka tisini na miwili. Nilipomsomea barua ya chama alisema, "Wajenge. Na vyoo viwe sita." Kisha akaniuliza kama nyanya aliwahi kusema ni nani aliyepaswa kuingia wodini. Nikamwambia hakusema. Alituuliza sisi wajukuu, nasi hatukuafikiana. Sasa nawauliza ninyi mnaosoma: kati ya wanne wale, mlango ule ulikuwa wa nani?