Fundi wa Mageti na Amina ya Tisini na Moja

Haya, mmekaa? Mama wa pale dirishani, huku mbele kuna nafasi, njoo, sing'ati. Na simu zizimwe kwanza. Leo nazisema, sitaki zisikie.

Kulikuwa na fundi mmoja wa mageti. Fundi hasa, si hawa wenu wa kuunga leo kikaachia kesho. Geti lake likishafungwa, hata mbu alikuwa anabisha hodi. Tembo wawili walipita wakaliegemea moja, wakaondoka wanachechemea. Tajiri mmoja alipoteza ufunguo, ikabidi ahame, nyumba akawaachia popo. Na kwake mwenyewe fundi alifunga makufuli saba mlango wa mbele, na saba mengine chooni. Ukimwuliza, "Fundi, chooni unaficha nini?" anakujibu, "Wewe unauliza kwa nini?"

Fundi huyu alikuwa na mchumba, binti mshona sare za shule, mtu wa maneno machache. Na alikuwa na shida moja, kitambulisho cha taifa. Alikifuatilia miaka sita. Kiatu kikaisha, akanunua kingine, nacho kikaisha, mpaka walinzi wa ile ofisi wakawa wanamwamkia wakidhani ni bosi. Ndoa ikasimama kabisa, kwa sababu aliapa, "Sioi bila kitambulisho. Nikifika kanisani nitaandikwa nani?"

Siku moja kikatoka.

Sasa, sisi tunajuana. Mtu wetu akipata kitu, anakaa kimya? Thubutu! Lazima ashuhudie. Zamani alisimama hapa mbele, tukampigia makofi, tukaenda kula. Fundi akaona kanisa ni dogo mno kwa ushuhuda wake. Akakilaza kitambulisho juu ya meza, akakipiga picha mbele. Akakigeuza, akapiga na nyuma, Mungu asije akakosa kitu. Akaweka mtandaoni: "Miaka sita! Ametenda! Semeni amina."

Amina zikamwagika. Mama yake mdogo, amina. Wateja, amina. Mtu aliyemkimbia na geti bila kumlipa, naye amina kubwa yenye maua. Zikafika tisini.

Amina ya tisini na moja ilikuwa ya mwizi.

Mnadhani mwizi huyo alivunja nini? Alikata nini? Hakukata hata uzi. Alikaribishwa akawekewa kiti. Jina analo, sura anayo, tarehe ya kuzaliwa anayo. Na yaliyobaki fundi alikuwa ameshayagawa zamani, kwenye ile michezo yenu: "Andika jina la mama yako, jina la utotoni na kitu unachokiogopa, tukuambie wewe ni mnyama gani." Fundi akaandika vyote. Akaambiwa yeye ni simba. Karakana nzima haikupumzika wiki hiyo, jinsi alivyokuwa akinguruma.

Mchumba wake alimwuliza siku moja, "Hivi hayo yote lazima watu wayajue?"

"Mimi sina cha kuficha, mama. Anayeficha ana lake."

"Na yale makufuli saba?"

"Aa! Lile si ni geti, bwana? Hii ni simu."

Ikafika Jumapili ya tangazo la tatu la ndoa yao. Taratibu mnazijua. Majina yanasomwa Jumapili tatu, asipotokea mwenye pingamizi, watu wanaanza kukata vitenge. Fundi kakaa kiti cha mbele, suti ya kijivu, shati limenyooshwa pasi mpaka ukiligusa unatoka damu. Mchungaji akasoma majina, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Aliuliza huku anafunga daftari, kama wanavyouliza wote.

"Mimi hapa."

Shingo mia nne ziligeuka kwa mpigo mmoja. Ule mlio wa mifupa, kijiji cha pili walianua nguo wakidhani mvua. Kule nyuma amesimama dada mmoja, ana vumbi la safari ya siku mbili, na kwapani ana jogoo.

"Huyo ni mchumba wangu," akasema. "Tumeongea miezi mitano. Juzi akanyamaza ghafla, nikapanda basi, nikauliza jina lake mpaka nikaelekezwa hapa. Huyu jogoo nimemletea mama yake."

Fundi akasimama. "Dada yangu, mimi sikujui. Tangu nizaliwe sijakuona."

"Mimi nakujua." Akaja mpaka mbele, akampa mchungaji simu yake. Mle ndani kuna picha ya fundi, jina la fundi, na kitambulisho cha fundi, mbele na nyuma. "Mimi si mjinga, baba mchungaji. Nilimwambia anithibitishie kwamba si tapeli. Akanitumia hicho."

"Hiyo namba siyo yangu!" fundi akapaza sauti.

"Si ulisema una simu mbili?"

Mchungaji alikuwa mtu mtulivu. Akavua miwani, akasema, "Fundi, mwanangu, ni rahisi. Taja jambo lako moja ambalo mtu mwingine hawezi kulijua. Tuone kama dada analo."

Fundi akapumua. Yapo mengi, si yeye mwenyewe? "Utotoni nyumbani waliniita..."

"Kijiko," dada akamalizia. "Ulikuwa unalamba sufuria."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. "Nina kovu..."

"Mguu wa kulia. Cheche ya kuchomelea. Bandeji niliiona kwenye picha."

"Kitu ninachokiogopa..."

"Bata."

Fundi akaanza kujipekua moyoni, kama mtu anayejipapasa mifuko. Kila chumba alichofungua huko ndani alikuta watu wameshakaa, wanasema amina.

Ndipo mchumba wake akasimama. Hakupandisha sauti. "Haya yote uliponiambia mimi, ulisema ni siri."

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Mambo ya huyu dada sijayafikia. Nauliza la kwangu tu. Nitajie kitu kimoja chako ambacho ninakijua mimi peke yangu."

Fundi aliyeweza kumzuia tembo alikuwa hana hata kikufuli kimoja cha kumwonyesha binti wa watu.

Na hapo hapo simu ikatetemeka mkononi mwa mchungaji. Ujumbe umeingia. Mchungaji akarudisha miwani, akausoma wote: "Mpenzi, samahani kwa kimya. Usije kwanza, nimehamishiwa kazi ya mbali. Ni mimi wako, Kijiko."

Kanisa zima likamtazama fundi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu, haina simu, inaning'inia.

"Basi si yeye," mchungaji akasema.

Mmeona? Mwizi ndiye aliyekuja kumtolea ushahidi. Kinywa chake mwenyewe kilishindwa.

Yule dada akakaa kwenye benchi, jogoo mapajani. "Miezi mitano," akasema. "Sasa nilikuwa naongea na nani?"

Akina mama wakaanza vigelegele, fundi ameokoka! Mchumba akainua mkono, vikakatika. "Nimeamini si yeye. Lakini swali langu halijajibiwa. Ndoa isubiri, mpaka awe na kitu cha kunipa ambacho hajawagawia watu."

Akatoka. Akapita geti la kanisa, ambalo fundi alilichomelea kwa mikono yake, likajifunga nyuma yake. Na yale mageti mnayajua.

Haya, sasa sisi. Mbona kicheko kimeisha? Nani hapa hajaweka mtandaoni cheti cha mtoto, kichwa mpaka mguu, na namba yake? Nani wiki iliyopita kaambiwa na simu yake kwamba yeye ni chui? Nakuona, mzee, usijifiche nyuma ya mama watoto.

Mimi shule niliishia la nne, la tano waliniogopa. Lakini hili halihitaji shule. Ukipata baraka, shukuru. Mwenye kuitoa alikiona kitambulisho chako kabla hakijachapwa, hahitaji umwonyeshe na upande wa nyuma. Na zile tarakimu sita zinazoingia kwenye simu yako, halafu anatokea mtu, "Samahani ndugu, zimekuja kwako kwa bahati mbaya, nirudishie," usimpe. Akiwa mwanakwaya mwenzako, usimpe. Nikikuomba mimi, usinipe! Nikikuandikia kwamba nina shida ya haraka, nipigie, usikie hii sauti yangu inayopasua vioo. Hiyo hajazaliwa wa kuiiba. Na neno la siri lisiwe jina la mwanao, jamani. Mtaa mzima tunamwita huyo mtoto kutwa nzima.

Hatuambiwi tuwe wakali, wala tusiongee na watu. Tunaambiwa tubakize. Mwizi wa zamani alichukua redio, ukabaki wewe. Huyu wa sasa anakuachia redio, anakuchukua wewe. Na siku utakayosimama mbele ya unayempenda, akuombe kitu kimoja tu, utampa nini kama vyote viko kwa watu? Au tutakaa tunamsubiri mwizi aje atutetee?

Nawaona hamtaki kuinuka. Mnataka kujua kama walioana.

Sijui. Safari hii hawakumwambia mtu.