Mihambo na Sega la Mjomba

Wewe unayejikuna hapo kwenye mkeka, wewe ni mtu au mnyama?

Usinitazame hivyo. Jibu. Mtu? Una hakika? Haya, lishike jibu lako, usilitupe, maana nitalirudia.

Mzinga huo!
— Una nyuki!
Nitie mkono?
— Tia!
Wakinidunga?
— Utasimulia!

Basi nasimulia. Zamani, miti ya miyombo ilipokuwa mingi kuliko maneno ya watu, palikuwa na kijiji cha warina asali. Mizinga yao waliitengeneza kwa magome, wakaitundika juu kwenye miti ya mininga. Na watu hao walikuwa na mjomba wao wa ajabu. Mjomba mwenyewe ana miguu minne, kucha ndefu, mgongo mweupe kama kamwagiwa unga, na hasira ambazo hakuna aliyewahi kujua zinatoka wapi. Nyegere.

Hawakumwua. Hawakumpiga. Hawakumtukana hata akiwa mbali. Kila msimu wa kurina ulipofunguliwa, sega la kwanza halikuliwa na mtu. Lilipelekwa porini, kwenye jiwe bapa mbele ya shimo lake. Zamu ilikuwa ya nyumba moja kila mwaka. Mpelekaji alikwenda alfajiri, peke yake, akaliweka, akasema, "Mjomba, fungu lako hili, letu utuachie," akarudi bila kugeuka nyuma. Na nyegere naye, mwaka mzima, mizinga hakuigusa.

Na mtu akilila sega hilo? Miaka saba hapandi mti wenye mzinga. Miaka saba! Katika kijiji cha warina asali, huyo ni maiti anayekula ugali.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Mihambo. Ndevu nyingi, maneno mengi. Alfajiri akabeba sega, akaenda. Jua likapanda. Mihambo hajarudi. Jua likapanda tena kidogo. Mkewe, Wande, akamfuata mpaka njia panda, akamwona huyo anakuja mbio mbio, ndevu zimelowa, nzi wawili wanamfuata.

"Baba Shija, umeshaliweka?"

"Grrrr," akasema Mihambo.

"Una nini?"

"Grrrr."

"Mume wangu, umeumwa na nini?"

Mihambo akapiga magoti, akashika njia kwa mikono na miguu mpaka nyumbani, Wande nyuma kajishika kichwa. Akajifungia ndani. Alipotoka, maneno yalikuwa yamerudi.

"Wande, mimi si mtu tena. Nilipofika kwenye jiwe, niligeuka. Mimi ni nyegere."

"Na hizo ndevu?"

"Umande."

Mnacheka? Wande hakucheka. Mtu uliyezaa naye akikuambia jambo kwa uso mkavu, unaanza kujichunguza wewe.

Siku ya pili, paa likavuja. "Baba Shija, panda uezeke."

"Nyegere haezeki."

Siku ya tatu wakaja vijana wa zamu ya kisima. "Kaka Mihambo, chukua jembe, twende tukachimbe."

"Nyegere hachimbi."

Jamani! Nyegere, kama hamjui, ni mchimbaji kuliko sisi sote hapa. Lakini nani angebisha? Vijana walitazamana, wakaondoka na majembe yao.

Siku ya nne akafariki jirani. "Mihambo, tunakwenda kuzika."

"Nyegere haziki."

"Na ugali," Wande akauliza jioni, "nyegere anakula?"

"Anakula."

"Na mlenda?"

"Weka karanga."

Kijiji kikachanganyikiwa. Wengine walianza kumwamkia kwa heshima, "Shikamoo, mjomba," na wengine walimpita kimya wakitazama miguu yake, kama kucha zimeanza. Kumpiga haiwezekani, mjomba hapigwi. Kumsema haiwezekani, mjomba hatukanwi. Wande akaenda kwa mkuu wa kijiji, ambaye wenyewe humwita mwanangwa.

"Mwanangwa, nisaidie. Nyegere ni mjomba wetu sote, siyo?"

"Ndiyo."

"Na mume wangu ni nyegere."

"Anasema hivyo."

"Sasa mimi nimeolewa na mjomba wangu?"

"Kwanza kalale kwa mama yako," akasema mwanangwa, "nami niendelee kufikiri." Na mpaka leo angekuwa anafikiri, kama mizinga isingeanza kuanguka.

Ulianza mzinga wa mwanangwa mwenyewe: umetupwa chini, umepasuliwa, hauna hata chozi la asali. Kesho yake, mzinga wa wajane. Keshokutwa, mizinga mitatu kwa mpigo. Na kwenye gome, alama za kucha ndefu.

"Nyegere!" watu wakapiga kelele. "Tumempa sega lake na bado anatuvunjia!"

"Nyegere yupi?" mtu mmoja akauliza.

Wakageuka wote kumtazama Mihambo.

"Si mimi," akasema Mihambo upesi. "Ni yule mwingine."

Mwanangwa akatoa neno ambalo kijiji hicho hakijawahi kulisikia. "Sega amekula, agano kavunja. Asubuhi tunakwenda shimoni na mikuki."

Hapo akasimama Kalunde, dada yake Mihambo. Mwanamke pekee wa kijiji hicho aliyepanda mininga, ana vidole tisa na ulimi mmoja mkali. Tangu utotoni walimtania kuwa yeye na mjomba wamegawana nyongo. Aliwahi kuanguka na mzinga, mguu ukavunjika, akalala porini mchana kutwa. Nyegere akaja, akala asali iliyomwagika, akaketi hatua tatu kutoka alipolala. Chui alipopita, nyegere alinguruma, na Kalunde naye akanguruma. Chui akaona wale wawili hawafai. Toka siku hiyo, Kalunde hakupita karibu na lile shimo bila kusalimia.

"Hamwui mtu hapo," akasema Kalunde.

"Ati mtu!" Mwanangwa akajikuna. "Dada Kalunde, na wewe usituchanganye. Wewe nawe umegeuka nyegere?"

"Mimi?"

"Ulinguruma naye."

"Nilinguruma. Kisha yeye akaingia shimoni, mimi nikabebwa nyumbani nikapikiwa uji. Yule ni mjomba wangu, nampenda, hasira zake nazijua kama zangu. Lakini mimi siye yeye. Nikiwa mimi ndiye yeye, sega nitampelekea nani?"

Wengine walielewa. Wengi hawakuelewa, ila walijifanya wameelewa, kama wewe hapo.

"Lakini mwanangwa," Kalunde akaendelea, "kama kaka yangu ni nyegere kweli, basi tuna bahati. Kesho atangulie. Aingie kwa ndugu yake, amwulize kwa lugha yao kwa nini anatuvunjia mizinga. Akijibiwa, atuambie. Asipojibiwa, mikuki mnayo."

"Maneno hayo!" wakasema wote. "Mjomba aende kwa mjomba!"

"Nyegere hana…" akaanza Mihambo, na tayari watu walikuwa wananoa mikuki.

Asubuhi wakaenda. Mbele Mihambo, kwa mikono na miguu, magoti yanachubuka. Nyuma mwanangwa na wanaume sita, mikuki begani. Kando Kalunde na Wande. Mbele ya shimo, lile jiwe bapa.

"Mwite," akasema Kalunde.

"Grrrr," akasema Mihambo.

Kimya.

"Mwite kwa nguvu. Ndugu huyo!"

"Grrrrrr!"

Kimya.

"Hakusikii. Ingiza kichwa."

Akaingiza kichwa. Na ndani ya shimo, wazazi wangu, ukatoka mngurumo ambao haukuwa wa kuigiza. Mihambo akaruka nyuma kwa miguu miwili. Miwili! Na nyegere akatoka.

Alikuwa amekonda. Mgongo mweupe, mbavu zinahesabika. Mtu angedhani atamrukia Mihambo. Wala hakumtazama, alimpita kama unavyopita kisiki, akaenda moja kwa moja kwenye jiwe. Akalinusa upande huu. Akalinusa upande ule. Akalilamba. Jiwe kavu. Akalilamba tena, polepole, mahali pale pale ambapo miaka yote palikuwa na asali. Kisha akaketi, akamtazama Kalunde.

Na Kalunde naye akamtazama. Hakunguruma. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujua analilia nini hasa.

"Anatafuta nini?" akauliza kijana mmoja.

"Anaomba la pili," akasema mwanangwa. "Amekula moja, kavunja mizinga mitano, na bado anaomba! Inueni."

Mikuki sita ikainuka. Nyegere hakukimbia. Kwake jiwe lile lilikuwa mahali pa amani, nani angemfundisha kuliogopa?

Kalunde akaenda akasimama kati ya mikuki na mnyama. "Kaka," akasema, bila kugeuka, "wewe ulikuwa hapa peke yako alfajiri ile. Mimi sijui kitu. Nimechanganyikiwa kama wote. Sijui kama unajua wewe ni nani. Lakini kama kuna nyegere mmoja tu hapa, sema. Sema sasa, maana huyu hawezi kujisemea."

Mihambo akamtazama dada yake. Akatazama mikuki. Akatazama jiwe kavu. Miaka saba ikampita mbele ya macho, mwaka mmoja mmoja, kila mmoja bila asali.

"Shusheni," akasema.

"Nani anasema?" akauliza mwanangwa. "Mjomba?"

"Mihambo anasema. Mtu. Shusheni mikuki, huyo hana kosa." Akajifuta ndevu, ingawa zilikuwa kavu. "Nilikaa hapa na lile sega mikononi. Lilikuwa linachuruzika. Nikalamba kidole. Kisha kidole kingine. Kisha nikasema nile upande mmoja tu, mjomba ataona ni dogo mwaka huu. Nikalila lote. Nikaondoka bado natafuna, na njia panda nikamkuta Wande ananiuliza kama nimeliweka."

"Na ukanguruma," akasema Wande.

"Mdomo ulikuwa umejaa nta, mke wangu. Nifanyeje? Nilinguruma."

Mzinga huo!
— Umerinwa!
Nitoe mkono?
— Toa!
Na fungu la mjomba?
— Liache juu ya jiwe!

Nawe wa kwenye mkeka, jibu lako bado unalo?