Kiwavi, Tandu na Mlango wa Bi Mnofu

Wajukuu, mpo?
"Tupo."
Masikio mmekuja nayo?
"Tumekuja nayo yote mawili."
Basi moja lishike maneno, la pili lizuie yasitoke.

Hapo zamani, ndani ya tumbo la mama swala, kulikuwa na mtoto ambaye hajakamilika. Macho alikuwa nayo, kwato zilikuwa zinakuja, lakini mguu wa nyuma ulikuwa umelala tu, haujui kukunja wala kupiga teke. Ndani ya mguu huo aliishi Bi Mnofu. Nyama tupu, amejilaza, anangoja wa kumwambia la kufanya.

Kutoka juu, kwenye uti wa mgongo, wakashuka wageni wawili kuja kuomba kukaa kwake. Wa kwanza ni Tandu, mnene, miguu kila upande. Wa pili ni Kiwavi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Kila mmoja alivuta uzi wake nyuma, na kila mmoja alibeba tumboni matone ya kubishia hodi. Waliosoma huyaita matone hayo asetilikolini. Sisi tunaita tone, linatutosha.

Bi Mnofu alikuwa na nafasi ya mgeni mmoja tu, na alikuwa na sharti. Utabisha hodi tatu, tone moja kwa kila hodi, na zote tatu ziitikiwe. Atakayeitikiwa atakaa mpaka mtoto azeeke. Asiyeitikiwa uzi wake utakauka, naye atakauka nao. Kiwavi alilijua hilo. Alijua pia kwamba tumboni amebakiwa na matone matatu tu, maana mengine yalimdondoka njiani, ta, ta, ta, akipapasa kutafuta njia.

Wakafika. Tandu akamsukuma mwenzake kando.

"Pisha, mwembamba. Wakubwa wanabisha kwanza."

"Bisha, kaka," akasema Kiwavi.

Tandu akadondosha tone. Ta. Bi Mnofu akaitika, ku.

Mlangoni alikaa Sisimizi na ufagio wake. Tone likishaitikiwa, yeye hulifagia, fya, fya, fya.

"Tone langu linakwenda wapi?" akauliza Tandu.

"Linafagiwa," akasema Sisimizi bila kuinua uso. "Ndiyo kazi yangu. Leta lingine."

Kiwavi akahesabu. Hodi moja imeitikiwa, zimebaki mbili, na Tandu ana matone hata ya kuogea. Akakohoa kidogo.

"Kaka, mimi simo, ila naona unaibiwa. Mtu wa tumbo kama lako unabisha kwa tone moja moja kama sisi wanyonge? Ningekuwa wewe ningemwaga yote kwa pamoja. Ufagio ungeshindwa, na bibi angeitika mpaka umwambie basi."

"Na wewe je?"

"Mimi nimekuja kuangalia tu."

Tandu akacheka. "Angalau una adabu."

Akamwaga. Chwaaaa. Sisimizi akafagia, akazidiwa, akapanda juu ya mpini wa ufagio. Bi Mnofu akajikunja, krrrr, hata nafasi ya kuitika hakuipata. Akakakamaa kama ubao. Kisha akalegea, kimya, masikio yamekufa ganzi.

"Hodi," akasema Tandu. Kimya. "Bi mkubwa, hodi." Kimya. Akajikamua. Tumbo tupu.

"Ungemwacha apumue," akasema Sisimizi kule juu ya mpini.

"Si huyu aliyeniambia!"

"Nilisema ningekuwa wewe," akasema Kiwavi. "Lakini mimi si wewe, kaka."

Uzi wa Tandu ukaanza kukauka kwenye ncha. Ukamvuta kurudi alikotoka, ukafupika, ukafupika, mpaka haukuonekana, wala yeye hakuonekana.

Kiwavi hakubisha papo hapo. Alikaa chini akamtazama Sisimizi anafagia, fya, fya, fya, mpaka mlango ukakauka. Akangoja tena, mpaka aliposikia Bi Mnofu anavuta pumzi. Ta. Ku. Akangoja pafagiwe. Ta. Ku. Tone la tatu likagoma kutoka. Akajikamua mpaka macho yakamtoka. Ta.

Kimya.

Kiwavi akatega sikio mlangoni.

Ku.

Mguu ukapiga teke. Huko nje mama swala akaacha kutafuna, akageuza shingo kuutazama ubavu wake.

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Mnofu. "Na yule aliyenimwagia maji ni nani?"

"Simjui, mama," akasema Kiwavi, akaingia.

Hadithi yangu imeketi. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aipishe njia.

Na funzo lake, wajukuu, ni kwamba msidanganye. Mwangalieni Kiwavi. Alidanganya mara mbili tatu tu, akapewa nyumba, chakula na mahali pa kuegemea maisha yake yote. Sasa nanyi endeleeni, mtaona yatakayowapata.