Karani Aliitwa, Akaja

Ndugu zangu, hii ameniletea dada yangu, naye aliletewa na mwingine. Nimeisoma mara mbili, nikakasirika mara tatu. Sasa naituma kwenu, na msinijibu kwa kucheka.

Palikuwa na mkulima mmoja huko Usukuma, Mzee Lushinge. Ujanani alikuwa mchinjaji hodari. Ukoo ukiwa na sherehe, anaitwa yeye. Kisha siku moja akaacha nyama kabisa. Si ya ng'ombe, si ya mbuzi, hata kuku wa mgeni hakumgusa. Ugali wake kwa choroko zilizoungwa na karanga, mlenda kidogo, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, basi, ameshiba.

Na watu jamani! Kwanza walisema mganga amempa mwiko. Wengine wakasema ameingia dini mpya. Mdogo wake, Ndaki, alisema mbele ya watu, "Kaka yangu ni bahili tu. Anawaonea huruma ng'ombe wake, tumbo lake halionei." Wakamtabiria kuishiwa nguvu na kufa mapema.

Mzee anacheka. "Karani anakula nini?" anawauliza.

Karani alikuwa maksai wake wa kulimia. Aliitwa hivyo kwa mwendo wake wa taratibu, kama mtu anayekwenda ofisini na faili kwapani. Mwenzake aliitwa Fundi. Hao wawili ndio waliovuta plau ya nyumba ile, na bila wawili hakuna shamba.

"Ng'ombe ni ng'ombe, wewe ni mtu," Ndaki anamjibu.

Mkewe tu, Bibi Nkwimba, ndiye aliyejua sababu. Mzee alimwambia mara moja, hakurudia. "Nilimchinja maksai niliyelima naye miaka tisa. Nilimwita jina, akaja mwenyewe, akainamisha shingo. Alidhani namvisha nira twende shamba." Tangu siku ile Bibi naye akaacha nyama.

Basi Mzee Lushinge akaishi. Akawazika wa rika lake wote, mmoja mmoja, wale wale waliomtabiria. Alikufa ana miaka themanini na mitatu, na wiki mbili kabla ya hapo alikuwa bado ameshika mpini wa plau.

Mnajua walisema nini msibani? "Si tulimwambia? Nyama hakula, mwili ungetoka wapi?" Naapa ndivyo walivyosema. Na aliyesema ana miaka hamsini, anatembelea fimbo.

Kabla ya kufa, Mzee alimshika mkewe mkono. "Matanga yangu yamalizwe kwa choroko," akamwambia. "Karani na Fundi wasiguswe. Hao watakulimia wewe na wajukuu." Maana nyumbani walibaki watatu tu, Bibi wa miaka sabini na wajukuu wawili yatima, mkubwa ana miaka minane.

Siku ya kumaliza matanga, Bibi alipika choroko kwenye sufuria kubwa, ile inayoazimwa kwa harusi. Ndaki akaja, akafunua kifuniko, akakirudisha.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Chakula, shemeji. Ndivyo kaka yako alivyoagiza."

"Hiki ni chakula cha bweni. Wazee wa ukoo wametoka mbali. Unataka waseme kaka yangu tumemzika kama asiye na watu? Tumchinje maksai mmoja."

"Mvua imekaribia, shemeji. Mkimchinja mmoja, nitalima na nini?"

"Utasaidiwa. Ukoo upo."

Bibi akawatazama wazee waliokaa pale. Wote wakageukia kwingine. Hata yule aliyekuwa akila choroko za nyumba ile kila msimu wa palizi alikuwa anajikuna goti.

Vijana wakatumwa kumkamata Karani malishoni. Akawaponyoka mara mbili. Ndaki akarudi anahema.

"Shemeji, sisi hatujui. Mwite wewe."

Bibi akakataa. Akaambiwa anauaibisha ukoo, na mwanamke anayeuaibisha ukoo anaijua njia ya kwao. Kwao wapi, jamani? Mtu wa miaka sabini, na watoto wawili mkononi, aende kwa nani?

Akamwita. "Karani!" Karani akanyanyua kichwa, akaja kwa mwendo wake ule ule, akasimama mbele ya Bibi, akainamisha shingo apokee nira.

Hapo sitaeleza zaidi. Siwezi.

Nyama ikapikwa. Nyama ya maksai aliyevuta plau miaka kumi na miwili! Watu wakatafuna, wakatafuna, taya zikauma. Wazee wenye meno matatu walikuwa wanaizungusha mdomoni, kisha wanageuka pembeni na kuitema mkononi. Mwisho mmoja akanong'ona, "Zile choroko bado zipo?"

Zikaletwa. Ilikuwa ni kugombania upawa! Walipakua, wakaongeza, wakakwangua mpaka ukoko. Nyama ikabaki masufuria mawili mazima, na jioni mbwa wa kijiji kizima walikuwa uani kwa Bibi.

Ndaki akasimama kuaga, sharubu zake zimegandwa na choroko. "Leo tumekula!" akasema. "Kaka yangu ameagwa kwa nyama, kwa heshima yake." Wote wakaitikia, "Kweli kabisa!" Hakuna hata mmoja aliyeona aibu.

Mvua ikanyesha. Fundi peke yake hakuweza plau. Alisimama katikati ya shamba akitazama upande aliozoea kuwa na mwenzake. Bibi akatuma ujumbe kwa Ndaki. Mara ya kwanza akajibiwa ng'ombe wamechoka. Mara ya pili Ndaki amesafiri. Mara ya tatu hakujibiwa kitu, na ule ukoo uliokuwepo siku ya nyama sijui ulihamia wapi. Bibi akashika jembe la mkono. Alimaliza robo ekari, wajukuu wakimfuata nyuma wanafukia mbegu kwa miguu.

Robo ekari inalisha nani? Ghala likaisha mapema, Bibi akawa anawapa watoto sahani yake na kusema ameshakula. Siku moja akaanguka njiani akitoka kisimani. Majirani wakambeba mpaka kitandani, mwepesi kama mtoto, mifupa ya shingo unaihesabu.

Ndaki akaitwa. Akasimama mlangoni, akamtazama shemeji yake, akatikisa kichwa. Machozi yalimlenga, na yalikuwa ya kweli.

"Maskini shemeji," akawaambia majirani. "Mnaona wenyewe. Hii ndiyo shida ya kutokula nyama."

Funzo: Aliyekwisha kuamua kutoona, hata ukimpakulia ukweli ataula, atashiba, na bado ataapa hajauonja, na njaa ya ukaidi wake hulala nyumbani kwa mnyonge.