Shoka la Kuan Lei

Wa kwanza kuisimulia habari hii ni Bi Yinluo, msaga mawe, binti wa Shaoku. Aliwasimulia wajukuu wa nyumba kumi katika mwaka wa tisa tangu kaburi lifukiwe, siku ya kwanza ya kuvuna ulezi.

Zamani za mababu, kabla watu wa bonde la mto wa manjano hawajaijua shaba, alikuwako Kuan Lei, mwana wa Kuan Bo, mjukuu wa mwanamke aliyevuka mto na mbegu za ulezi zimefichwa katika nywele zake. Ndiye Kuan Lei Beba-Mlango, ambaye siku ya gharika aliushikilia mlango wa mfereji kwa mabega yake tangu alfajiri hadi jua kuchwa, matope yakimfika kidevuni, mpaka wanawake wakamaliza kulijenga tuta. Nyumba kumi zilizokuwa zimetawanyika zikaja kukaa nyuma ya tuta lile, zikawa watu wamoja, naye akawa mkuu wao.

Kwa heshima yake, Yinluo aliagizwa kutengeneza shoka la jedi, jiwe la kijani lililo gumu kuliko jabali. Jedi haichongwi, husagwa kwa uzi wa katani, maji na mchanga. Yinluo alilisaga miaka saba, na nuru ya macho yake ikaishia humo. Shoka lile halikukata hata jani. Lilipoinuliwa, watu walinyamaza wakatii. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Desturi ilikuwa kwamba mkuu akifa, atakayelishika shoka lake ukingoni mwa kaburi ndiye atakayetawala. Na ilikuwako desturi kongwe zaidi: mkeka ukishatandikwa kaburini, anayeshuka humo, hata kwa kuteleza, amekuwa maiti. Hana jina, hana mke, hana shamba.

Kuan Lei alipougua kifua, wanawe wawili wakaanza kutembea na watu wenye marungu.

"Kaka, siku hizi unalala mlangoni kwa baba kama mbwa," alisema Baoru, mdogo.

"Afadhali mbwa wa mlangoni kuliko kunguru wa paani," akajibu Deshi.

Yinluo, asiyeona tena ila vivuli, aliyasikia hayo, naye ndiye aliyewapokea wote wawili walipozaliwa. Akaenda kwa baba yao.

"Mzee, mimi nilisaga jiwe, sikusaga vifo vya wanao. Nipe nilivunje."

Kuan Lei alicheka hadi kikohozi kikamkaba. "Miaka saba, mama! Ukilivunja, watapigania vipande."

Asubuhi iliyofuata aliamuru kaburi lake lichimbwe na mkeka utandikwe, naye yu hai. Kisha akatoka na shoka begani, akitembea polepole, na wanawe wakamkimbilia, kila mmoja mkono mbele.

"Baba, nipe nikushikie!"

"Usimpe huyo, mkubwa ni mimi!"

Beba-Mlango aliwapita wote wawili. Alishuka kaburini kwa miguu yake mwenyewe, akaketi juu ya mkeka, akaliweka shoka kifuani.

"Sasa mimi ni maiti," akatamka, "na hiki ni kitu cha maiti. Anayekitaka na ashuke."

Umati ulipiga yowe, kisha ukawa kimya. Katika kimya kile Yinluo alisikia udongo ukimong'onyoka ukingoni: ulikuwa mguu wa Deshi. Akajua kwamba hatua moja tu ingempa Baoru utawala bila pigo hata moja. Akangoja kusikia kicheko cha Baoru.

Alichosikia ni mshipi wa kiunoni mwa Deshi ukichanika. "Kaka, rudi!" Baoru alikuwa akimvuta kwa mikono miwili, akilia. "Rudi, mjinga wee, utapotea!" Wakaanguka chali, mmoja juu ya mwenzake.

Siku ya tatu kikohozi kilinyamaza kaburini. Nyumba kumi zikafukia, kila nyumba kapu moja la udongo.

Tangu hapo kila mkuu huzikwa na shoka lake la jedi, lisilokata kitu, nalo halirithiwi. Anayefuata huchaguliwa na nyumba kumi, naye huja mikono mitupu.

Siku Bi Yinluo alipoisimulia habari hii, wengi wa waliosimama ukingoni walikuwa wamekufa. Deshi alikuwa hai, amekaa kulia kwake. Baoru alikuwa hai, akimkatiza kila mara kusema kwamba yeye hakulia.